Usilaumu betri kabla ya kuipima pikipiki

Dalili ya mvua ni mawingu. Ukisikia honi ya pikipiki yako kuukuu imepoteza sauti, na ukiona indiketa haipepesi na taa ya nyuma imefifia, huenda betri haipati chaji. Wengi hukimbilia dukani kununua betri mpya. Baada ya majuma machache nayo hufa, na pesa za karo au za unga zimekwenda na maji.

Kwako wewe unayesafiri kati ya Kitengela na Kajiado, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kupitia Isinya, hili si jambo la mzaha. Pikipiki nyingi ndogo za zamani hazitegemei betri kuwaka. Utapiga kiki, injini ingurume, nawe uondoke ukidhani mambo ni shwari. Usiku ukiingia katika barabara ya Namanga, dereva wa lori aliye nyuma yako hatakuona.

Tafuta mita ya kupimia umeme, kisha ufuate hatua hizi.

Betri yenyewe. Ipime baada ya kupumzika saa chache. Betri nzuri ya volti 12 husoma karibu 12.6. Ikiwa imeshuka, ichaji kwanza. Isipohifadhi chaji hata kidogo, hiyo imekwisha.

Injini ikinguruma. Ongeza mafuta na upime tena kwenye betri. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Zikibaki 12, betri haichajiwi. Zikipita 15, regyuleta imeshindwa kuuzuia umeme, na betri itachemka hadi ikauke. Pikipiki kongwe, kama Honda CG125 za kwanza, zilitumia volti 6. Hizo tarajia karibu 7.

Nyaya. Usinunue kifaa chochote kabla ya kuzikagua. Udongo mweusi wa Kitengela hunata kila mahali wakati wa mvua, na kiangazi vumbi huingia hata pasipo na upenyo. Fungua kila soketi uangalie kutu ya kijani au plastiki iliyoyeyuka. Kagua fyuzi na ule waya unaounganisha betri na fremu. Mara nyingi dawa ni msasa na kitambaa tu.

Koili. Kama nyaya ni safi, zima injini na uchomoe soketi inayotoka kwenye injini. Ukikuta nyaya tatu za manjano, washa injini, weka mita kwenye AC na upime mbili mbili. Vipimo vyote vitatu vikaribiane. Kimoja kikiwa chini sana, koili imeungua. Vikiwa sawa, shuku rektifaya, kile kisanduku kinachougeuza umeme ili uweze kuingia kwenye betri.

Tahadhari: usichomoe betri injini ikinguruma, kwani umeme unaweza kupanda ghafla ukachoma balbu na rektifaya. Pia fanyia kazi hii nje, kwa maana moshi wa injini katika chumba kilichofungwa huua.

Ukienda kwa fundi, mpe vipimo ulivyoandika. Koili iliyoungua inaweza kufungwa upya kwa waya wa shaba, na pengine betri unayotaka kuitupa haina kosa lolote.