Kupima Mzigo wa Njia Mbili

Makarani wawili hukaa katika chumba kimoja cha hospitali, kila mmoja na kompyuta yake, na waya utokao nyumbani mle ni mmoja. Wa kwanza apeleka picha ya mfupa uliovunjika kwa daktari mkuu aliye mji wa mbali, nayo yafika mara moja. Wa pili apeleka picha ya mgonjwa mwingine, angoja, ajaribu tena, na kila mara kazi yakwama katikati. Huyu hudhani kompyuta yake ni mbovu. Yule husema mwenziwe hajui kazi. Labda wote wawili wamekosea, na kosa liko mbali nao, penye njia panda.

Intaneti haichukui picha nzima kwa safari moja. Picha hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na juu ya kila pakiti huandikwa anwani ya mpelekaji na anwani ya mpokeaji, kama bahasha ya posta. Penye njia panda pana mashine iitwayo ruta. Kazi yake ni kusoma anwani na kuipitisha pakiti katika njia iendayo huko. Mara nyingi njia zifaazo ni mbili au zaidi, tena zalingana. Basi ruta huzitumia zote, ili mzigo ugawanyike.

Mtu atauliza, Kwa nini ruta haipeleki pakiti ya kwanza kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, kama mwalimu agawavyo watoto katika safu mbili za mchezo? Ugawaji huo ungekuwa sawa. Lakini ni nadra njia mbili kulingana kabisa kwa mwendo, na pakiti ya tano yaweza kufika kabla ya ya pili. Kompyuta nyingi hupelekeana habari kwa kanuni iitwayo TCP. Pakiti kadhaa zikifika mbele ya mwenzao aliyewatangulia kuondoka, kanuni hiyo hudhani aliyechelewa amepotea; mpelekaji humtuma tena, kisha hupunguza mwendo bila sababu.

Ndiyo maana ruta hugawa misafara, wala haigawi pakiti moja moja. Msafara ni pakiti zote za kazi moja, zitokazo programu moja na kwenda programu nyingine. Ruta husoma mambo matano: anwani mbili, aina ya kanuni, na namba mbili za milango, yaani namba zionyeshazo programu itumayo na programu ipokeayo. Huyatia katika hesabu, na jibu la hesabu huonyesha njia. Pakiti za msafara mmoja zina mambo matano yale yale, basi jibu lao ni moja na njia yao ni moja. Ruta nyingine husoma anwani mbili tu. Katika ruta ya namna hiyo, yule karani wa pili akiwa ameangukia njia iliyojaa, hata ajaribu mara kumi atarudishwa njia ile ile.

Atajuaje mlinzi wa ruta kwamba njia moja imejaa na nyingine ni tupu? Ruta huweka hesabu ya baiti zote zilizopita katika kila njia. Chukua mfano huu. Saa nne kamili njia ya kulia yaonyesha baiti milioni 40,000, na ya kushoto milioni 90,000. Asiye fundi atasema kushoto ndiko kwenye mzigo mkubwa, naye amekosa, maana hesabu hizo zaweza kuwa zilianza siku mbalimbali. Yafaa angoje dakika 5, asome tena, kisha atoe. Sasa kulia yasoma milioni 76,000, na kushoto milioni 93,000. Kulia zimepita milioni 36,000 kwa sekunde 300, yaani milioni 120 kwa sekunde. Kushoto milioni 10 tu. Baiti moja ni biti 8, basi kulia zapita biti milioni 960 kila sekunde, na kushoto milioni 80. Ikiwa kila njia yaweza kuchukua biti milioni 1,000, ile ya kulia karibu itafurika. Tena hiyo ni wastani. Ndani ya dakika zile 5 zimekuwako nyakati za kujaa kabisa, ambapo pakiti zilitupwa.

Huenda misafara iligawanyika vizuri, 50 huku na 50 huku, ila mmoja wa kulia ni mkubwa kama tembo, mathalani nakala ya kumbukumbu zote za hospitali. Kuhesabu misafara, basi, hakutoshi. Sharti kupima na uzito.

Kosa lingine hujificha zaidi. Ruta ya kwanza hupeleka wenye jibu la witiri kulia, na wenye jibu la shufwa kushoto. Huko kulia yupo ruta wa pili, afanyaye hesabu ile ile. Kwake hufika wenye witiri peke yao, naye awapeleka wote kulia tena. Njia yake ya kushoto haina hata pakiti moja. Dawa yake ni kumpa kila ruta namba yake ya siri ya kuchanganya katika hesabu.

Wapimaji huwa na chombo kingine pia, kiitwacho traceroute, kilichotungwa miaka ya 1980. Hutuma pakiti za upelelezi zenye hesabu ya maisha: ya kwanza hufa penye ruta wa kwanza, ya pili penye wa pili, na kila ruta humrudishia mpelekaji habari ya kifo hicho. Lakini chombo hicho kilibadili namba ya mlango katika kila pakiti, hata ruta wakazidhania misafara mbalimbali, wakazitawanya. Mpimaji akachora njia isiyokuwako, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Mwaka 2006 wataalamu wa Paris walitoa chombo kiitwacho Paris traceroute, kishikacho namba zile zile safari nzima. Atakaye kuona njia zote huibadili namba kwa makusudi, kisha hupeleleza upya.

Mlinzi wa ruta ana hesabu moja ya kujumlisha. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika pamoja, na intaneti ikawa nzito Tanzania, Kenya na Uganda, maana iliyobaki haikutosha mzigo wote. Katika mfano wetu 960 na 80 ni 1,040. Hata akizisawazisha njia zake, 520 kulia na 520 kushoto, siku moja ikikatika ile ya pili itadaiwa 1,040, nayo yaweza 1,000.