Njia ya panya si mgomo: Somo la Kasese kwa mfanyabiashara wa mpakani

BWERA, Uganda – Jumanne na Ijumaa ni siku za gulio la Mpondwe. Daraja la mto Lhubiriha, unaotenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujaa watu tangu asubuhi. Kutoka upande wa Kasindi huingia madumu ya mafuta ya mawese na vitenge. Kutoka upande wa Bwera hutoka samaki wakavu, maharage, sabuni na chumvi ya Katwe.

Lakini si kila mzigo hupita darajani. Maji yakipungua mto huvukika kwa miguu, na njia za panya zinajulikana hata na watoto. Sababu za kuzitumia ni zilezile zinazosikika katika kila mpaka wa Afrika Mashariki: ushuru ni mkubwa, foleni ni ndefu, na kuna mtu njiani anayetaka chake bila kutoa risiti. Hapa Bwera kuna sababu nyingine ya zamani zaidi. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa ukoo mmoja, na mpaka uliowatenganisha ulikubaliwa na wakoloni mwaka 1910 bila wao kuulizwa.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Anayekataa kutii sheria anayoiona kuwa ya dhuluma ni mhalifu, au ni raia mwema kuliko anayetii kimya kimya? Ni wilaya chache Uganda zilizolipa gharama kubwa kama Kasese kwa ajili ya swali hilo.

Waliotoka ukumbini

Chini ya utawala wa Waingereza, eneo ambalo leo ni Kasese, Bwera ikiwamo, liliwekwa ndani ya ufalme wa Toro. Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba walitozwa kodi kama wengine lakini shule, nafasi za masomo na vyeo vilikwenda kwa Watoro, na kwamba lugha ya Toro ndiyo iliyotumika shuleni na mahakamani. Upinzani wa kwanza mkubwa ulizuka mwaka 1919 na kumalizika mwaka 1921, viongozi wake Tibamwenda, Nyamutswa na Kapoli waliponyongwa.

Kizazi kilichofuata kilianza kwa njia nyingine. Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, waliingia katika Rukurato, baraza la Toro. Waliomba katiba ya ufalme iwatambue Wakonzo na Waamba kuwa watu kamili walio sawa na Watoro. Walipokataliwa, Machi 1962 wajumbe wa jamii hizo mbili walisimama na kutoka ukumbini. Huko vijijini, wananchi wengi wakaacha kulipa kodi kwa serikali ya Toro.

Hatua hiyo ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, ilifanywa mchana, mbele ya wale waliokuwa wakipingwa. Pili, madai yalitajwa: haikuwa kukwepa kodi, ilikuwa kusema kodi hii hatutailipa hadi tutambuliwe. Tatu, wahusika walikubali gharama. Viongozi wote watatu walikamatwa, na Kawamara na Mupalya wakafungwa jela.

Mukirane alifuata njia nyingine. Akiwa nje kwa dhamana alipanda milimani, na Juni 30, 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi inayojitegemea, na baadaye ufalme. Mgomo ukawa vita. Vijiji vilichomwa na watu wengi wakapoteza maisha. Na huko juu milimani, serikali iliyozaliwa kwa kugomea kodi ilianza kutoza kodi zake yenyewe. Hilo halikuwa ajabu. Hakuna utawala unaoendeshwa bila mchango wa watu wake. Kilichogombewa tangu mwanzo kilikuwa nani anatoza, kwa idhini ya nani, na fedha inarudi kwa nani.

Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti akiwa bado mvulana. Mwaka 1974 Idi Amin alizitenga wilaya ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo kutoka Toro, ndilo dai la miaka kumi na miwili. Agosti 1982, Mumbere aliteremka milimani na kukabidhi silaha baada ya mazungumzo na serikali ya Milton Obote. Mwaka 2009 serikali ya Yoweri Museveni iliutambua ufalme huo kuwa taasisi ya kiutamaduni.

Historia hiyo haitoi jibu jepesi. Wapo wanaosema bila bunduki Kasese isingesikilizwa. Wapo wanaojibu kwamba bunduki ilichelewesha yale ambayo mazungumzo yaliyapata, na kuacha jeraha lisilopona. Novemba 2016 jeraha hilo lilifunguka tena: jeshi na polisi walivamia kasri la mfalme mjini Kasese baada ya mapigano ambayo polisi pia waliuawa. Shirika la Human Rights Watch lilisema zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwamo watoto. Mumbere alikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yake yalifutwa Juni 2023.

Panya hana dai

Msafirishaji wa magendo mara nyingi hujiona yumo katika safu hiyo hiyo ya wanaopinga dhuluma. Hayumo. Waliotoka Rukurato walitaka sheria ibadilike kwa wote. Anayevuka mto usiku anataka isimguse yeye tu. Akifanikiwa, sheria inabaki vilevile, na jirani yake aliyepita darajani anaulipa ushuru uleule huku bei yake sokoni ikishindwa. Askari anayedai chake njiani naye hapotezi kitu, kwa kuwa mwenye mzigo wa magendo hawezi kumshtaki. Mficha uchi hazai.

Zaidi ya hayo, si kila sheria ya mpakani ni ya kukusanya fedha. Juni 2019, familia iliyotoka Kongo ikiwa na mgonjwa ilivuka kwa njia isiyo rasmi. Mtoto wa miaka mitano akapokelewa katika Hospitali ya Kagando na kugunduliwa ana Ebola. Alifariki, na bibi yake na mdogo wake pia walifariki. Kupimwa joto darajani ni usumbufu, lakini huwezi kuuita dhuluma. Na baada ya waasi wa ADF kushambulia shule ya sekondari Mpondwe Juni 2023 na kuua makumi ya watu, wengi wao wanafunzi, ni vigumu kumweleza mkazi wa Bwera kwamba njia isiyolindwa haimdhuru mtu.

Kukataa kwa haki

Hilo halina maana kwamba mfanyabiashara anyamaze. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 17, inamtaka raia alipe kodi, lakini ibara hiyohiyo inamtaka apambane na rushwa. Ibara ya 152 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mamlaka ya sheria ya Bunge. Kwa hiyo anayekataa kutoa fedha isiyo na risiti wala kifungu cha sheria hajavunja sheria, ameitii. Ibara ya 29 nayo inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ya kuwasilisha malalamiko.

Njia hiyo imewahi kuzaa matunda. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya fedha kwa simu. Watu walilalamika waziwazi, wengine wakaandamana na kukamatwa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilikuwa limeishusha hadi asilimia 0.5, tena kwenye kutoa fedha pekee. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS, na Rais akalazimika kukutana nao. Hawakupata yote waliyotaka, lakini walisikika, kwa sababu walifunga milango mchana na kusema kwa nini.

Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kinachotolewa mpakani. Mfanyabiashara wa Mpondwe anayo haki ya kuuliza kwenye dawati la forodha ni bidhaa zipi zimo, na kudai jibu. Akinyimwa, anacho chama cha wafanyabiashara wenzake, anaye mbunge, na ipo mahakama.

Ni safari ndefu kuliko kuvuka Lhubiriha usiku, na anayeisafiri peke yake huchoka mapema. Wajumbe wa mwaka 1962 walitoka ukumbini kwa pamoja.