Ramani ya Mafuriko: Je, Boma Lako Liko Wapi?

Kila msimu wa masika na wa vuli unapokaribia, wakazi wanaoishi kandokando ya Mto Tana huuliza iwapo nyumba zao ziko salama. Ramani ya maeneo ya mafuriko husaidia kujibu swali hilo, mradi isomwe ipasavyo.

Rangi zina maana gani?
Anza na ufunguo ulio pembeni mwa ramani. Rangi huonyesha uwezekano wa maji kufika mahali fulani. Eneo likiandikwa "mara 1 kwa miaka 100", maana yake ni kuwa kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko makubwa hapo. Yakija mwaka huu, yanaweza kurudi mwaka ujao. Kwa nyumba itakayokaa hapo miaka 30, uwezekano wa kufikiwa na maji angalau mara moja ni takriban asilimia 26, yaani zaidi kidogo ya 1 kati ya 4.

Mstari si ukuta
Maji hayajui mpaka uliochorwa. Aliye nje kidogo ya mstari bado ana hatari, hasa kwenye ardhi tambarare kama ya Garsen. Mto nao huhama, na ramani ya zamani huenda isionyeshe mkondo wa leo.

Jua likiwaka, mto waweza kujaa
Maji ya Tana hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Hupitia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa, maji ya ziada hufurika na kuteremka hadi kwetu, hata kama Hola hakujanyesha. Mnamo Aprili 2024 maji yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Kwa hivyo, fuatilia pia matangazo kuhusu mabwawa.

Kagua boma lako
- Waulize wazee maji yalifika wapi miaka iliyopita, kisha tafuta alama kwenye kuta na miti.
- Angalia kimo cha ardhi. Nyumba iliyo mbali na mto lakini bondeni yaweza kufurika kabla ya iliyo karibu lakini juu.
- Chunguza kama uko kwenye mkondo wa zamani wa mto. Maji hupenda kurudi njia yake.

Jitayarishe mapema
Kabla ya kununua ploti au kujenga, muulize chifu na ofisi ya wadi kuhusu historia ya eneo hilo. Inua msingi na sakafu. Weka vitambulisho, vyeti na hati za shamba ndani ya mfuko usiopenya maji. Kubalianeni nyumbani mtahamia wapi palipoinuka, na nani atawasaidia wazee, watoto na walemavu.

Tangazo la kuhama likitolewa, hama pamoja na mifugo kungali mchana. Usivuke maji yanayotiririka, kwa miguu wala kwa gari. Kwa dharura, piga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu: 1199.