Fahamu: Daktari aliyesoma nje anavyopata mafunzo ya upasuaji Marekani
Daktari aliyehitimu Muhimbili au Makerere akitaka kubobea katika upasuaji Marekani, shahada yake pekee haimfikishi mbali. Kwanza apate cheti cha ECFMG, kinachothibitisha waliosomea udaktari nje ya nchi hiyo. Sharti mojawapo ni kufaulu mitihani miwili ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani: Step 1 na Step 2 CK. Step 1, tangu Januari 2022, majibu yake ni kufaulu au kufeli tu. Step 2 CK bado ina alama, na sasa ndiyo inayotazamwa zaidi.

Kisha huja Match, mfumo wa kompyuta unaooanisha waombaji na hospitali. Matokeo hutoka Machi. Hapa pana mtego: nafasi ya upasuaji wa jumla inaweza kuwa ya miaka 5 kamili, au ya mwaka 1 tu isiyoahidi kuendelea. Anayeangukia hiyo ya pili hufanya kazi usiku na mchana, kisha huomba upya.

Viza ya mafunzo ya J-1 nayo humtaka arudi kwao kwa miaka 2 baada ya mafunzo, asipopata msamaha.

Kabla hujalipia mtihani wowote, itazame na COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao Arusha. Mafunzo yake hufanyika hospitalini, huku huku kwetu.