Mashine ya karasha haitibiwi kwa oili nzito

"Fundi, mashine inakula oili. Niiwekee tisini?"

Swali hili hunijia kutoka Buseresere, kutoka Katoro, kutoka makarasha ya Lwamgasa, wakati mwingine hata kabla ya salamu. Na anayeuliza huwa keshanunua. Tisini ni SAE 90, oili ya gia, ile ya giaboksi na difu za malori. Ukanda mzima huu wa dhahabu, hadi huku Chato, watu wanaamini kwamba mashine ya dizeli ikianza kutoa moshi wa bluu, dawa yake ni kuiongezea uzito wa oili: nusu ya kawaida, nusu tisini, na kwa waliokata tamaa, donge la grisi juu yake. Jibu ni hapana. Leo naeleza sababu, na kesho sitaki kuulizwa tena.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Tisini haiizidi arobaini. Oili za injini zina mizani yake na oili za gia zina mizani yake, na anayezilinganisha namba hizo ni kama anayelinganisha kilo na debe. Kipimo kinachozikutanisha ni sentistoki, kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi. SAE 40 ya injini inatakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3. SAE 90 ya gia, kwa viwango vya sasa, ni kati ya 13.5 na 18.5. Hiyo 80W-90 iliyojaa madukani kwa kawaida huangukia 14 au 15 hivi, palepale ilipo arobaini yako. Kwa hiyo umelipa pesa ukapata uzito uleule uliokuwa nao.

Ulichobadilisha ni kemia, na umeibadilisha vibaya. Oili ya gia, hasa ya daraja la GL-5, ina viungo vya salfa na fosforasi vya kulinda meno ya gia yanapobanana. Kwenye joto la injini viungo hivyo hushambulia shaba na bronzi, na bushi ya juu ya konrodi kwenye mashine nyingi za aina hii ni ya bronzi. Tena oili ya gia haina sabuni ya kuweka masizi yakielea, wala haina kinga ya kutosha dhidi ya asidi inayotokana na salfa ya dizeli, kwa sababu ndani ya giaboksi hakuna kitu kinachoungua. Masizi yakikosa wa kuyabeba hujikusanya kwenye mifereji ya pistoni, ringi zinanata, moshi unazidi. Wewe unaongeza tisini nyingine.

"Mbona nilipoweka, moshi ulipungua?" Ulipungua kwa sababu ulimwaga oili iliyochoka, iliyokwisha kuchanganyika na dizeli, ukajaza mpya. Arobaini mpya ingefanya vivyo hivyo. Aliyetafuta zaidi akaweka 140, huyo kweli kapata oili nzito. Asubuhi na mapema kijana wake anapiga hendeli hadi mishipa inamtoka, na mashine ikiwaka oili inachelewa kufika inakotakiwa. Kile kidude chekundu juu ya silinda hedi kikipanda, kinakuambia tu kwamba oili inasukumwa. Hakikuambii imebeba nini.

Na imebeba vumbi. Hapa ndipo ugonjwa ulipo. Karasha husaga mawe makavu, na mawe yanayofuatwa kwa dhahabu huku kwetu yamejaa kwarzi, lile jiwe jeupe. Ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chuma cha kisu cha kawaida ni 5.5 hivi. Laina na ringi zako haziwezi kushindana na kitu hicho. Mashine imefungwa mita chache kutoka kwenye ngoma ya gololi, inavuta hewa kutwa nzima, na kinachoelea kwenye hewa hiyo ni kwarzi iliyosagwa hadi kuwa unga. Vumbi likishaingia, oili hulisambaza. Wavu wa chuma ndani ya sampu, ambao kwenye mashine nyingi ndogo za Kichina ndio filta pekee ya oili, unashika vipande na takataka. Unga wa kwarzi unapita. Hakuna gredi ya oili itakayojaza mikwaruzo iliyochimbwa kwenye laina.

Basi ukitaka kujua hali yako, acha kijiti cha oili. Zima mashine, fungua mpira unaounganisha filta ya hewa na injini, pitisha kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ndani yake. Hapo hewa imekwisha kupita kwenye filta, kwa hiyo kitambaa kinatakiwa kitoke kisafi. Kikitoka na unga wa kijivu, vumbi linapita, na tisini yako ni sadaka. Nimeona mipira iliyochanika ikafungwa kamba ya katani. Nimeona filta ikitolewa kabisa "ili mashine ipumue", na mahali pake pakawekwa sifongo la godoro. Mwenye mashine hiyo alikuwa na malalamiko marefu kuhusu oili feki.

Oili feki zipo, sikatai. Ila oili halisi nayo ingekufa palepale.

Sasa ya kufanya. Kwenye kopo tafuta herufi ya C baada ya neno API: CF-4, CH-4 au CI-4 ya 15W-40, au SAE 40 ya gredi moja yenye CD au CF, zote zinafaa kwa joto letu. Kopo lenye S peke yake, kama SL au SN, ni la injini za petroli, mwachie mwenye Noah. Hesabu saa za kazi, usihesabu miezi: vitabu vingi vya mashine za silinda moja, ukoo wa S195, S1100 na ZS1115, husema badilisha kila saa 100, na mashine inayofanya kazi saa 12 kwa siku humaliza hizo ndani ya siku tisa. Kwenye vumbi la karasha badilisha kila saa 50. Oili kuwa nyeusi mapema si ubovu, ndiyo kazi yake. Kuchuja oili chafu kwa kitambaa ukairudisha, hilo hata sitalijadili.

Filta ya hewa ya bakuli la oili: ioshe kwa dizeli kila siku, jaza oili ya injini hadi alama, usizidishe, maana injini huweza kuivuta na kukimbia yenyewe. Filta ya karatasi haioshwi wala haipigwi kwenye tairi. Ikijaa, nunua nyingine. Weka bomba la kuvutia hewa lipande juu ya kichwa cha mtu, upande upepo unakotokea, na kila kiungo kikazwe kwa klipu ya chuma. Dizeli ya madumu iache itulie usiku kucha, na usimimine maji na tope lililobaki chini. Filta ya dizeli ibadilishwe.

Mwenye injini ya mipigo miwili, Detroit Diesel ya zamani kama 6-71, ana kanuni zake. Yeye atumie SAE 40 ya gredi moja, daraja la CF-2, yenye majivu chini ya asilimia 1, 15W-40 asiiguse. Tisini hata kwake haimo.

Kama ringi zimekwisha kuisha, pima laina kabla ya kununua chochote. Ikiwa ina mikwaruzo inayoshika ukucha, badilisha laina, pistoni na ringi kwa pamoja, na mpira wa hewa ubadilishwe siku hiyohiyo kabla mashine haijawashwa.