Mashine Tatu, Bei Moja

Tuseme kijiji kina mashine tatu za kusaga mahindi. Kila mwenye mashine ana bei yake. Mmoja akipandisha bei, watu huenda kwa mwingine. Kwa hiyo kila mmoja hujitahidi kusaga vizuri na kwa bei nafuu. Huo ndio ushindani.

Siku moja wenye mashine wanakutana. Wanapatana kutoza bei moja ya juu. Mama mwenye debe lake la mahindi atakwenda wapi? Kila mashine ni bei ile ile.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hii inawakataza wafanyabiashara wanaoshindana kupatana bei, wawe wakubwa au wadogo. Inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Mkosaji aweza kutozwa faini inayohesabiwa kwa asilimia ya mauzo yake ya mwaka.

Lakini angalia! Bei kuwa sawa peke yake si kosa. Dizeli ikipanda, kila mwenye mashine aweza kupandisha bei kwa hesabu yake mwenyewe. Kosa ni kule kupatana. Kwa hiyo Tume huchunguza kwanza: Je, walikutana? Walikubaliana nini?

Wewe sasa unajua kuandika. Andika tarehe, bei ya zamani, bei mpya, na maneno uliyoyasikia. Kisha andikeni barua kwa Tume.

Maswali
1. Ushindani unamsaidiaje mnunuzi?
2. Kwa nini bei kuwa sawa haitoshi kuthibitisha kosa?