Jicho la Mwenye Nyumba Katika Ujenzi

Familia zetu nyingi zinajenga kwa mbali. Mtoto yuko Masqat au Dubai, kiwanja kiko Tanga, na fedha hutumwa kidogo kidogo kwa ndugu aliyebaki nyumbani. Ndugu huyo hana ujuzi wa ujenzi; ana mapenzi na simu ya mkononi. Hutuma picha za kuta zinazopanda, na sote humshukuru Mwenyezi Mungu. Picha, hata hivyo, haionyeshi nondo ngapi zimelala ndani ya zege, wala mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi.

Pengo hili ndilo linalozaa kazi tunayotaka wazazi waifikirie kijana wao anapomaliza masomo: usimamizi kwa niaba ya mshitiri, yaani mwenye jengo. Msimamizi huyu si mkandarasi, wala hachukui nafasi ya mbunifu majengo au mhandisi. Husimama upande wa mwenye fedha tangu kiwanja kinapokaguliwa hadi funguo zinapokabidhiwa. Huisoma michoro kabla ya fundi, huhoji bei, na hulinganisha kazi iliyofanyika na malipo yanayodaiwa.

Siku ya kumwaga zege ndiyo mtihani wake. Sharti awepo kabla ya toroli la kwanza, ahesabu nondo na kupima unene wake, atazame nafasi baina ya ringi na ringi. Aangalie maji pia, kwani mafundi hupenda zege jepesi linaloteleza, na kila ndoo ya ziada hulidhoofisha. Kisha huja kazi inayodharauliwa na wengi: kulimwagilia zege maji kwa siku 7 angalau, na kuzuia mirunda isitolewe mapema. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likifikisha siku 28. Kumwambia fundi mkuu, mbele ya vibarua wanaosubiri na koleo mikononi, kwamba leo hatumwagi, kunahitaji moyo kuliko cheti.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajaisahau Ijumaa ya 29 Machi 2013, pale ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, jirani na msikiti, lilipoporomoka na kuua watu 36, watoto wakiwamo.

Wanavyuoni wa fiqhi wameiwekea kazi ya namna hii mlango wake, mlango wa wakala. Kumwakilisha mtu kwa ujira kunajuzu. Mkono wa wakili ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mipaka aliyowekewa. Basi daftari ni kinga yake pia. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, nasi bado tunajenga nyumba za mamilioni kwa maneno ya mdomo! Ama kamisheni ya siri kutoka kwa mwenye duka la vifaa, hiyo si riziki ya msimamizi, ingawa imezoeleka mno. Punguzo la bei ni haki ya mshitiri.

Njia za kuingilia ni zaidi ya moja. Chuo Kikuu Ardhi hufundisha ukadiriaji majenzi na ubunifu majengo. Fundi mwashi mwenye miaka mingi kazini naye anaweza kufika, akijifunza michoro na hesabu. Binti asizuiwe, kwani ukaguzi wa hati za malipo hauna jinsia.

Ujira uandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Sisi tunapendelea kiasi maalumu kwa kila hatua kuliko asilimia ya gharama, kwa kuwa anayelipwa kwa asilimia hunufaika jengo likizidi kuwa ghali. Na kamati za misikiti na madrasa, zinazojenga kwa sadaka kwa miaka mingi, zingeweza kuwapokea wahitimu hawa, zikawalipa japo kidogo, na kuwakabidhi daftari la saruji na nondo.